Nyundo Ajifunza Kungoja

Nyundo alikuwa beki wa timu kubwa. Jina hilo alipewa na mashabiki kwa jinsi alivyowagonga washambuliaji, naye alilipenda sana.

Lakini asubuhi ile, akimsaidia mkewe kuanika nguo uani, hakuwa na raha. Alikuwa amepewa kadi nyekundu ya tatu. Mshambuliaji wa timu pinzani, aliyekwatuliwa naye kwa nyuma, alivunjika kifundo cha mguu. Kocha alimwambia wazi: "Kadi nyingine moja tu, tafuta timu nyingine."

"Mpira ni mchezo wa wanaume," Nyundo alilalamika.

"Wanaume wenye miguu," alijibu dada ya mkewe, aliyekuwa amekuja kuwatembelea.

Shemeji huyu ndiye aliyekuwa mtaalamu wa viungo wa timu. Zamani alikuwa mshambuliaji hodari, na chenga hazijamtoka.

"Kifundo kile nilikifunga pale uwanjani kwa mikono hii," alisema. "Huenda asicheze mwaka mzima. Shemeji, kosa lako unalijua?"

"Natumia nguvu nyingi."

"Una haraka nyingi. Unajitupa chini mpira ukiwa bado mguuni mwake. Vua viatu, nikuonyeshe."

Ua ulikuwa wa saruji. Nani ajitupe pale achunike ngozi? Kila Nyundo alipotaka kuteleza, aliitazama saruji akasita, na shemeji akapita na mpira. Mara ya tano mkewe alicheka mpaka akaangusha beseni.

"Usinivamie," shemeji alimwelekeza. "Nisogelee, kisha punguza mwendo. Kunja magoti kidogo. Nizibie njia ya golini. Tazama mpira, usitazame kiuno changu, kiuno hakifungi bao. Nikiusukuma mbele kidogo, ndipo uuchukue. Kwa nyuma usimwingilie mtu kamwe, wala usimwinulie njumu."

Kwa wiki tatu za adhabu yake walifanya hivyo kila siku. Subira huvuta heri, lakini kwa Nyundo ilianza kuvuta jasho.

Siku aliyorudi, walicheza tena na timu ya yule aliyeumia. Timu ya Nyundo iliongoza kwa bao moja. Dakika ya mwisho mshambuliaji mmoja mwepesi akachomoka peke yake.

"Mgonge, Nyundo, mgonge," mashabiki waliimba.

Nyundo alimsogelea. Akapunguza mwendo. Akangoja, na kungoja kule kulimuuma kuliko teke. Mshambuliaji akausukuma mpira hatua moja mbele. Nyundo akaupokonya akiwa wima, bila hata kumgusa mwenzake. Lilikuwa jambo la kupendeza kutazama, na asiyekiri hivyo ana husuda. Hata mashabiki wa upande wa pili walipiga makofi.

Filimbi ya mwisho ilipolia, mshambuliaji yule alimjia akampa mkono.

"Kaka, nilijua leo natoka kwa machela," alisema.

Nyundo hakuuachia mkono ule. "Nipeleke kwa mwenzako niliyemuumiza. Nataka nikamwombe radhi."

Mshambuliaji alimvuta kando ya uwanja.

"Bado anatembea kwa magongo," alisema. "Twende. Ila ukifika, mlango ugonge taratibu."