Soksi Hakuwa Mkali

Kila alasiri, akishatoka shule na kuvua sare, Kiroboto alivaa mabuti yake ya mpira na kukimbilia kwa shangazi yake. Jina hilo alipewa na shangazi huyohuyo, kwa kuwa alikuwa binti mdogo asiyetulia mahali. Shangazi alikuwa daktari wa wanyama. Nyuma ya chumba chake cha matibabu palikuwa na ua wa kuwatunzia mbwa na paka waliookotwa barabarani, mpaka wapate watu wa kuwachukua.

Kazi za Kiroboto zilijulikana: kuosha vibakuli, kubadili magazeti chini ya paka, kufagia manyoya. Mbwa walimpokea kwa makelele, ila mmoja tu hakubweka. Huyo alikuja polepole, akashika ncha ya buti lake kwa meno na kulivuta, kana kwamba anasema, "Hebu vua, keti, tuzungumze." Alikuwa mweusi tii, miguu yote minne myeupe. Ndiyo maana aliitwa Soksi.

Soksi aliokotwa mtaroni akiwa bado mtoto, na Kiroboto ndiye aliyemnywesha maziwa kwa bomba la sindano. Kwao hakuweza kumpeleka; mwenye nyumba hakutaka kusikia hata habari ya kuku.

"Hapa ni kituo tu, siyo mwisho wa safari," shangazi alizoea kumkumbusha. "Usije ukajisahau."

"Ndiyo, shangazi," Kiroboto aliitikia, na moyoni ameshajisahau zamani.

Siku moja akaja bibi mmoja, fundi cherehani wa mtaa wa pili, utepe wa kupimia ukining'inia shingoni. Alisema mumewe amefariki, na nyumba imekuwa kimya mpaka mlio wa cherehani unamshtua. Soksi alimwendea, akaweka kidevu juu ya kiatu chake. Bibi akacheka. Wakati huohuo shangazi aliitwa ndani, kuna paka aliyegoma kumeza dawa.

"Huyu vipi, mjukuu wangu? Mpole?"

Kiroboto aliliona banda likiwa tupu. Akajiona akifagia peke yake. Neno likamtoka.

"Mkali huyo, bibi! Hapo anakuzuga tu. Juzi nusura aning'oe kidole."

Bibi alivuta mguu upesi. "Uwii! Basi, mwanangu. Mimi vidole ndivyo vinavyonilisha."

Akaondoka. Soksi alimfuata mpaka langoni, akakaa pale akitazama barabara.

"Yule bibi vipi?" shangazi aliuliza alipotoka.

"Amesema atafikiria," Kiroboto alijibu, akainamia ufagio.

Lakini neno lile halikuishia langoni. Bibi alimsimulia mteja, mteja akamsimulia jirani, na jirani naye hakukosa wa kumsimulia.

Siku chache baadaye, Kiroboto alikuta banda la Soksi liko wazi.

"Mwenzio amepata kwao," shangazi alimwambia kwa furaha. "Bwana mmoja mstaarabu, ana watoto na uwanja mkubwa. Wiki ijayo nitapita kumtazama."

Kiroboto alimeza machozi, akaosha vibakuli.

Kesho yake shuleni alifuatwa na rafiki yake aliyeitwa Redio, kwa sababu mdomo wake haukuwa na kitufe cha kuuzimia.

"We Kiroboto! Yule mbwa wenu mwenye miguu ya maziwa si yuko ghala la mbao, jirani na kwetu?"

"Ana uwanja mkubwa huko."

"Uwanja upo, ila yeye yuko kwenye mnyororo. Mwenye ghala anafoka kutwa: kasikia mbwa ni mkali, kumbe akiona mgeni anatikisa mkia. Sasa anamchapa ili awe mkali."

"Nani alimwambia ni mkali?"

"Si mtaa mzima unajua! Eti alimng'ata mtu kidole hukohuko kwenu." Redio akaitazama mikono ya mwenzake. "Alimng'ata nani, kwani?"

Kiroboto akaificha mikono mfukoni.

Baada ya shule hakupita nyumbani. Alimkuta shangazi akimfunga paka bandeji, akasema yote palepale, akikatizwa na kwikwi. Shangazi hakufoka. Afadhali angefoka. Alimaliza kufunga bandeji, akavua glavu, akachukua funguo za gari.

"Twende."

Ghalani, Soksi alikuwa nyuma ya rundo la mbao, shingo imechunika.

"Mchukueni!" mwenye ghala alisema. "Mkali gani huyu? Mwizi akija atamshikia tochi!"

"Uliniambia unamtaka akacheze na watoto," shangazi alisema. Bwana yule akaangalia chini, kwenye vumbi la mbao.

Kiroboto alinyoosha mkono. Soksi hakuukimbilia kama zamani. Alijilaza chini kabisa, akafumba macho, akasubiri kipigo.

Wakiwa garini shangazi alisema neno moja tu: "Kwa bibi utakwenda mwenyewe. Mimi sitakusemea."

Bibi alisimamisha cherehani, akamsikiliza mpaka mwisho. "Kumbe! Na mimi nikamchafulia jina mtaa mzima." Akafungua kabati, akatoa kigodoro cha vipande vya vitambaa. "Nilikuwa nimeshamshonea mgeni wangu hata kabla sijaja kwenu. Nikakificha, kukitazama kulinitia uchungu."

Shingo ilipopona, Soksi alihamia kwa bibi. Kila Jumamosi Kiroboto alikwenda na shangazi kumtazama. Alikuwa amenenepa, na kigodoro chake kilikuwa chini ya meza ya cherehani. Lakini kila bibi alipoinua mkono kukata uzi, Soksi alijikunyata ukutani.

"Atasahau lini, shangazi?" Kiroboto aliuliza.

"Sijui, mwanangu. Jeraha la shingo nilikuwa na dawa yake. Hili linataka muda, na linataka wewe uje kila wiki." Shangazi akamshika bega. "Ulimpenda, sikatai. Ila ulitaka awe wako kuliko ulivyotaka awe salama. Ukimpenda kiumbe, mtakie kilicho chema kwake, hata kama wewe utabaki unalia. Na ukweli ungeusema siku ileile, mambo yangeisha kwa aibu ya dakika moja. Ulipouchelewesha, aliyelipa ni yeye."

Kiroboto alikaa kizingitini, akavua buti moja, akalisogeza taratibu kuelekea chini ya meza.

Soksi alilinusa kwa mbali. Siku hiyo hakulivuta. Lakini hakurudi nyuma, na Kiroboto, binti asiyetulia mahali, alitulia akimsubiri.