Jina la Msichana wa Kengele

Kompyuta ilikuwa imelazwa ubavu juu ya meza, kifuniko kimeondolewa, nyaya zake zikionekana kama matumbo ya kondoo aliyechinjwa na mtu mwenye adabu. Hapakuwa na kitu kilichovunjwa. Skrubu zilikuwa zimepangwa ndani ya kisahani cha chai.

Inspekta Munyiva aliinama akatazama pengo lililoachwa na diski.

"Mwizi gani wa Kitengela huyu, anapanga skrubu?" aliuliza Konstebo Wanyama, akinyunyiza unga wa kuchukulia alama za vidole.

"Mwizi asiye na haraka. Na kasha la pesa?"

"Halijaguswa, afande."

Ilikuwa Ijumaa ya mwezi Julai, mwaka 2005. Ukungu ulikuwa umeshuka juu ya tambarare yote, hata malori ya saruji yaliyopita barabara ya Namanga yakaonekana kama ng'ombe wanaovuka mto usio na sauti. Mzee Hashi, mwenye duka la intaneti, alikuwa amelifunga kwenda kuswali swala ya Ijumaa. Aliporudi alikuta kufuli limefungwa vizuri, na hazina imetoweka.

"Hazina ipi, mzee?"

"Si yangu, Inspekta. Ni ya huyu binti wa ndugu yangu. Mimi nilidhani ni mchezo tu, mpaka nilipoona anavyolia."

Ayan alikuwa amekaa kwenye kona, mtandio umemfunika nusu ya uso.

"Wamechukua diski na CD zote za nakala," alisema. "Hadithi yetu yote."

"Hadithi gani?"

Akaeleza polepole. Ami yake, ambaye yeye alimwita Adeer kwa Kisomali, hununua Mombasa kompyuta kuukuu zinazotoka Japani. Moja ilifika na CD iliyosahauliwa ndani. Ilikuwa hadithi ya kusomwa kwenye kioo cha kompyuta, yenye picha na muziki. Kila ifikapo njia panda, msomaji huchagua pa kupita. Ayan na rafiki yake walikuwa wakisoma Kijapani katika darasa la jioni Nairobi. Basi wakaanza kuitia katika Kiswahili, sentensi kwa sentensi, ili waigawe bure kwa yeyote atakayeipenda.

"Wenyewe Wajapani waliwapa ruhusa?"

"Hapana, afande."

"Kwa hivyo umekuja kunishtakia kwamba mmeibiwa mlichoiba?"

Wanyama alicheka. Ayan hakucheka.

"Rafiki yangu alifariki mwaka jana. Nilimshika mkono hospitalini nikamwahidi nitaimaliza. Ilikuwa niitoe Ijumaa ijayo. Bila ile diski sina hata neno moja. Siwezi kuanza upya, afande. Nusu yake aliifanya yeye."

"Jina lake?"

"Soipan, Mungu amrehemu."

Munyiva alivuta kiti. Askari wengine huanza na muda na mahali. Yeye alikuwa na desturi yake: humwacha mtu asimulie kile anachokipenda, kisha husikiliza ni wapi anaposita.

"Nisimulie hiyo hadithi."

Kilikuwepo kijiji, Ayan alisema, kilichozamishwa ili pajengwe bwawa. Watu walihama wote isipokuwa msichana mmoja, mlinzi wa kengele ya hekalu. Maji yalipojaa, kengele iliendelea kulia chini yake. Kijana aliyewahi kumpenda hurudi kila mwaka ukingoni kuisikiliza. Mwishoni anamwita kwa jina, na sauti yake inashuka majini kama jiwe jepesi.

"Kwa Kijapani huyo msichana ana jina lake," Ayan aliongeza. "Mimi nimempa la Soipan. Nimetaka kila atakayesoma amtaje. Kwetu maiti hana zawadi kama kutajwa na kuombewa."

"Funguo za kufuli hili anazo nani?"

"Adeer, mimi, na Kimeu anayetengeneza mashine. Na Koinet, ndugu yake Soipan. Yeye anachora picha upya na kuingiza maneno yetu ndani ya mchezo."

Kimeu alihojiwa kwanza, kituoni.

"Uliwahi kutaka kuiuza hadithi hii?"

"Nilisema tu, madam. Nairobi wangenunua. Ayan akaniita fisi, nikanyamaza."

"Leo saa saba ulikuwa wapi?"

"Isinya. Kompyuta za shule zimekufa. Mpigie mwalimu mkuu, na umkumbushe hajanipa hata chai."

Wanyama alipiga simu. Mwalimu mkuu alithibitisha, ila habari ya chai hakuitaja.

"Nisimulie hadithi yenyewe, Kimeu."

"Aii, madam! Mimi ni mtu wa waya." Alijikuna kidevu. "Sawa. Soipan anapiga kengele. Maji yanakuja, Soipan anazama. Jamaa anakuja analia, anaita Soipan, Soipan! Kuna njia ingine halii, lakini hiyo haina utamu."

Koinet aliingia baadaye, kijana mrefu mwenye vidole vya mchoraji. Hakukaa mpaka alipoambiwa.

"Leo mchana ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa natembea, madam. Kule kwa mto."

"Nani alikuona?"

"Mbuzi."

"Mbuzi hawaandiki taarifa. Haya, nisimulie hadithi."

Akaisimulia, na chumba kile cha kuta za kijivu kikajaa maji. Alisimulia mapaa ya nyumba yakizama moja baada ya jingine, samaki wakiingia kwa milango, nywele za msichana zikipepea bila upepo. Kalamu ya Munyiva ilisimama. Kwa muda aliamini anaisikia kengele.

"Yule msichana haogopi," Koinet alisema. "Mwenye kengele hawezi kuiacha. Halafu kijana anafika ukingoni. Anafungua mdomo."

"Anasema nini?"

"Anaita."

"Anamwita nani?"

Koinet alitazama mikono yake.

"Anaita tu, madam."

Munyiva alimruhusu aende. Wanyama alishangaa.

"Afande, huyo hana hata shahidi mmoja!"

"Hatapotea. Wanyama, wote wanaoijua hadithi ile humtaja msichana kwa jina, hata Kimeu. Mmoja tu hamtaji. Umekaa Kajiado miaka mingapi?"

"Mitano."

"Umewahi kumsikia Mmaasai akitaja jina la marehemu wake?"

Wanyama aliacha kukoroga chai.

"Hapana, afande. Jina huzikwa na mwenyewe, hasa akifa kijana."

Asubuhi iliyofuata Munyiva alimchukua Ayan kwa gari la polisi hadi Kimuka, nyumbani kwa kina Koinet. Milima ya Ngong ilikuwa imezama katika mawingu mpaka mabegani. Mama mmoja alitoka katika nyumba ya mabati, shuka nyekundu imemzunguka. Alikuwa Rebecca, mamake Koinet.

"Takwenya," alimsalimu Inspekta kwa Kimaa.

"Iko," Munyiva aliitika.

Koinet alisimama mlangoni nyuma ya mama yake. Alipomwona Ayan, mabega yake yalishuka.

"Iko ndani," alisema kabla hajaulizwa. "Kwa sanduku la nguo."

Akaileta diski pamoja na CD, zimefungwa katika kanga ya kike iliyopauka. Munyiva alimkumbusha kwamba ana haki ya kunyamaza.

"Nimenyamaza ya kutosha, madam. Ni mimi. Nilingoja mzee aende msikitini."

"Kwa nini?"

"Siku chache kabla, nilileta kompyuta hapa niijaribu hadithi. Ayan alikuwa amerekodi sauti ya kijana akiita, ule mwisho. Nikaifungulia. Mama alikuwa nje anakamua. Akasikia jina linaitwa ndani ya nyumba." "Akaitika. Alikuja mbio, maziwa yakamwagika. Akasimama hapo mlangoni akitafuta kwa macho. Akaona ni mashine."

Rebecca aligeuza uso kuelekea mlimani.

"Si ulikubali, Koinet?" Ayan alisema. "Nilipokuuliza kuhusu jina, uliitikia kwa kichwa!"

"Nilidhani ni mambo ya wazee. Mimi nimesoma, nikajiambia hayawezi kunisumbua. Mpaka nilipomwona Mama."

"Ungeniambia basi. Ningeliondoa siku hiyohiyo."

"Ningekuambiaje? Ili nikuombe uliondoe, lazima kwanza nilitaje. Nilijaribu. Mdomo ulikataa. Na Ijumaa ijayo lingeitwa kila nyumba, na watu ambao hata hawamjui."

"Ungeitupa diski mtoni," Munyiva alisema. "Ungekuwa umemaliza."

"Nilienda mpaka mtoni. Lakini nusu ya maneno ni yake, madam. Ningemzamisha mimi?"

Ayan alifunika uso kwa viganja. Alikuwa amelitaja jina lile katika kila sijda, kwa mapenzi, akidhani anamjengea rafiki yake nyumba. Hakujua kwamba mlangoni pa nyumba hiyo amemsimamisha mama.

"Nisamehe, Mama," alisema. "Sikujua."

Munyiva alisogea kando kumpigia simu Mzee Hashi, kwani diski ilikuwa mali ya duka, naye ndiye mlalamishi. Alirudi akiwa ameuma mdomo asitabasamu.

"Mzee amesema hataki mahakama. Anataka diski yake, na wewe Koinet ufagie duka mpaka Ramadhani. Ukikosa siku moja, nitakuja kukuchukua mwenyewe."

"Sitakosa, madam."

"Na jina?"

"Nitaliondoa kila mahali," Ayan alisema. "Na ile sauti pia. Atafungua mdomo tu, kama Koinet alivyosimulia."

Ndipo Rebecca akawaingiza ndani, akaketi kwenye kigoda.

"Hiyo hadithi," alisema, "inaendaje?"

Ayan aliketi chini mbele yake akamsimulia yote, akisema "yule binti" kila mahali. Ukungu uliingia mlangoni ukatulia miguuni mwao. Alipofika mwisho, mama aliinua uso.

"Na mama yake?"

"Hayumo, Mama. Mwandishi hakumweka."

"Binti anaingia kwa maji, na hakuna mama hapo kando? Hiyo hadithi ya nani?"

"Mimi ni mfasiri tu. Naandika yaliyoandikwa. Siwezi kuongeza mtu."

"Jina si ulibadilisha?"

Ayan akainamisha kichwa. Koinet alimtazama, kisha akamtazama mama yake. Hata Inspekta, aliyekwisha kushika ufunguo wa gari, hakuondoka.

"Angesimama wapi, Mama?" Ayan aliuliza mwishowe.

"Mbele. Mbele ya huyo kijana."

"Na angesema nini?"

Rebecca alijifunika shuka vizuri.

"Hasemi kitu," alijibu. "Anavua viatu, anaingia."