Saini ya Mwanaanga Iliyokolezwa

Kila Jumamosi, Kimbelembele alimsaidia shangazi yake kufuta vumbi kwenye kabati la kioo. Shangazi alikuwa fundi cherehani, lakini kilichomkosesha usingizi ni saini za wanaanga: picha, kadi na beji za kitambaa zilizotiwa saini na watu waliokwenda angani.

"Mthamini wa saini anakuja leo," alisema Shangazi, akiingia na kutoka kama kuku anayetafuta pa kutagia. "Akiikubali ile picha, mkusanyaji mwenzangu atanibadilishia kwa beji ninayoitafuta tangu ujana. Usiguse kitu, mwanangu. Nakimbilia maziwa ya chai."

Picha ilikuwa mezani. Mwanaanga alitabasamu, kofia yake kubwa kwapani, lakini saini ilikuwa imefifia kwa jua la dirishani. Kimbelembele akakaa, akasimama, akakaa tena. Mikono ilimwasha. Mthamini ataionaje hii? Akachukua kalamu ya buluu, akapitisha juu ya kila herufi, ulimi nje.

Ikang'aa! Kisha akaitazama vizuri. Mbona inafanana na mwandiko wake mwenyewe?

Shangazi akarudi na mthamini, bwana mrefu mwenye haraka zake.

"Lo, imekolea!" alisema mthamini, hata lenzi hajaitoa mfukoni. "Hii haina shida."

Shangazi akacheka hadi jino la mwisho. Kimbelembele alisugua mguu kwa mguu. Akinyamaza, yameisha. Lakini akamshika Shangazi mkono.

"Shangazi, ni mimi! Nimeikoleza kwa kalamu."

"Wee mtoto!" Shangazi akaketi pu!

Mthamini akatoa lenzi, akainama. "Kweli. Mkono wa kwanza ulikimbia, huu umetambaa. Thamani imekwisha, mama. Lakini kama mwenzako angegundua baadaye, nani angebadilishana nawe tena?"

Shangazi akampigia mwenzake simu, akamweleza yote bila kuficha.

"Kwa kuwa umeniambia mwenyewe," mwenzake akajibu, "nipe badala yake ile kadi yako yenye saini, nawe chukua beji."

Shangazi aliipenda mno kadi ile. Akapumua, akakubali. Kisha akamgeukia Kimbelembele.

"Kitendawili!"

"Tega," Kimbelembele akajibu, akifuta machozi.

"Mmoja akiniandika nina thamani, wa pili akinirudia sina."

"Saini."

"Umepata. Kufifia si kosa, mwanangu. Kosa ni kudanganya kwamba haikufifia. Kusema kwako ndiko kumeniletea beji." Akamkabidhi ile picha. "Itundike chumbani kwako. Mbali na dirisha, na mbali zaidi na kalamu!"