Bluu kwa Mbali

Baka la tatu halikukauka. Fundi rangi alikuwa amepaka mabaka matatu ya kijivu kwenye ukuta wa chumba cha mtoto ili wenye nyumba wachague. Mawili yalikauka kabla ya chai. La tatu, kila alipoliwekea kiganja mama wa mtoto, lilikuwa baridi, lina unyevunyevu, na lilinuka udongo uliofukuliwa. Na ndilo alilolipenda, jamani!

"Hili lina bluu kwa mbali," alimwambia mumewe. "Unaiona?"

"Zote kijivu tu, mke wangu. Kijivu, kijivu, na kijivu."

"Hujaangalia! Wewe kitu nikikipenda mimi, hukiangalii." Alisema akicheka, ila lilikuwa linamuuma.

Fundi alikuna kichwa. Hilo la tatu alilipaka kwa masalia ya nyumba aliyoiacha nusu, kwa kuwa wenyewe walihama ghafla bila hata kuaga. "Yanatosha chumba hiki tu, dada. Yakiisha, yameisha."

"Basi paka chote. Na mlango pia, ufanane na ukuta."

Alasiri ya kesho yake mtoto alilala humo. Mama akaingia kumwamsha, na mlango ukajifunga nyuma yake taratibu, bila upepo. Akambeba mwanawe, akageuka. Mlango haukuwepo. Wala dirisha.

Akapapasa ukuta kuanzia kona, akitafuta kitasa, bawaba, hata ufa wa kuingiza ukucha, akafika kona ya pili na ya tatu, na kila alipogusa rangi ilikuwa mbichi, tena ilikuwa ikipumua, ikipanda na kushuka chini ya kiganja chake kama tumbo la mtu aliyelala, harufu ya udongo ikimjaa puani, mpaka hakujua tena alianzia wapi.

Ngo, ngo, ngo. "Mke wangu! Uko humo?" Mumewe, ukuta wa kushoto. Alitaka kulia kwa furaha.

Ngo, ngo, ngo. "Mke wangu! Uko humo?" Ukuta wa kulia. Sauti ileile, hata kikohozi chake kilekile.

Mtoto alimng'ang'ania shingoni. "Mama, mbona kuna baba wawili?"

"Shh, mwanangu." Akili ilimjia. "Niambie," aliziuliza zile sauti, "chumba hiki kina rangi gani?"

Sauti ya kushoto ilibabaika. "Ina... ina bluu. Bluu kwa mbali."

Ya kulia haikusita. "Kijivu tu, mke wangu. Zote kijivu tu."

Ndiye huyo! Nani amjue kama si yeye? Akakimbilia ukuta wa kulia, akanyoosha mkono, mkono ukazama kwenye rangi, na kiganja kikamdaka, kikamvuta yeye na mwanawe hadi ng'ambo.

Ukumbi ulikuwa kimya. Kuta zake zilikuwa na bluu kwa mbali, na dari, na mbingu yote iliyoonekana dirishani. Kiganja kilichomshika kilikuwa baridi, kina unyevunyevu, na hakikumwachia.

Nyuma yao, mbali sana, mtu alikuwa bado anagonga huku analia.

"Mke wangu, fungua! Jana nilirudi peke yangu nikaiangalia hiyo rangi vizuri, kwa ajili yako!"