Taa Nyekundu ya Kaka Mtu

Kaka mtu na mdogo mtu waliendesha malori ya tajiri mmoja. Walibeba saruji ileile, wakapita barabara ileile. Njiani kulikuwa na mizani iliyofukiwa chini ya lami. Hiyo hupima gari likiwa linatembea. Mdogo mtu akipita, taa ya kijani. Kaka mtu akipita, nyekundu! Basi anapanga foleni kwenye mizani kubwa, apimwe akiwa amesimama. Na huko, mzigo wake uko sawa.

Jamani, wivu ulimkaba. Tajiri alikuwa amenunua lori jipya, na angempa dereva asiyechelewa.

"Shemeji karudi mapema leo," mke wa kaka mtu alisema.

"Basi nenda kaolewe naye!"

"Makubwa! Nimesema karudi tu."

Kesho yake mchana, jua kali, magari yamebanana, nyekundu tena. Kaka mtu akamvaa fundi wa mizani.

"Mdogo wangu anakuhonga nini?"

Fundi akacheka. "Chuma kilichofukiwa kinahongwaje? Wewe ukifika pale unafanyaje?"

"Nakanyaga breki, nipite taratibu. Lori liwe jepesi."

"Ala! Kumbe unajichongea mwenyewe. Ukifunga breki, uzito unakimbilia tairi za mbele. Mizani inaona zimezidiwa. Na kwenye msongamano, simama-ondoka, vipimo vinayumba pia."

"Na jua hili?"

"Joto hulainisha lami, mizani ikasoma tofauti na asubuhi. Hiyo ni kazi yetu, tunairekebisha. Kazi yako ni kuacha nafasi mbele na kushika mwendo mmoja. Breki usiguse. Mdogo wako hufanya hivyo, tena hupita asubuhi, barabara nyeupe."

"Mbona hakuniambia?"

"Anasema humjibu hata salamu."

Kaka mtu akapanda lori lake, akaondoka.

Asubuhi akawahi. Akaacha nafasi, akashika mwendo mmoja. Mguu ulimwasha, lakini breki hakugusa. Kijani!

Akaingia uani kwa tajiri akipiga mluzi. Akamkuta mdogo mtu ameshika funguo za lori jipya. Tusidanganyane, roho ilimuuma. Akamsogelea.

"Hongera. Nilikusingizia kwamba unahonga. Nisamehe."

"Nilisikia," mdogo mtu alisema. "Angesema mwingine ningecheka. Iliniuma kwa sababu ni wewe, kaka."

Kaka mtu akamshika mkono, asiuachie upesi.

Kesho yake walitoka pamoja. Lori jipya lilitangulia. Kaka mtu akafuata kwa nyuma, kaacha nafasi ya kutosha. Wote wawili wakawashiwa kijani.