Koti la Bwana Harusi

Mtunza bustani alikuwa amefika katikati ya ua wa michongoma wa kasri, makasi yakiufuata uzi alioufunga kutoka kigingi hadi kigingi, uzi ulipotikisika. Kulikuwa na mtu ameukwaa. Familia zilizoshuka kivukoni zilijaa njiani, watoto wakikimbilia chemchemi, naye hakuinua kichwa.

"Angalieni miguu, jamani."

"Wewe angalia uzi wako. Umelegea, na hapo umekata kombo."

Makasi yalisimama. Fundi cherehani alikuwa mbele yake, katika gauni la rangi ya limau lililomkaa barabara, mkoba kaubana kwapani.

"Mpenzi," lilimtoka kabla hajalizuia.

"Kumbe uko hai. Nilidhani simu ilikufa ukazikwa nayo."

"Sikutaka kukusumbua. Mumeo yuko wapi?"

"Mume gani?"

Mtunza bustani alieleza akizitazama glavu zake. Siku ile ya mwisho alikwenda dukani kwa fundi na pete mfukoni, akamkuta anamvisha mwanamume koti jeupe la harusi, pini mdomoni, mkono kifuani pake. Fundi hakugeuka. Mwanamume ndiye aliyemwona mlangoni, akamwambia kwa ishara ya midomo na tabasamu: karibu harusini. Basi akaondoka, akazima simu, akaomba kazi huku kisiwani.

Fundi aligeukia chemchemi. Kisha akaita, "Shemeji, njoo hapa."

Mume wa dada yake alikuja akipiga picha kila kitu. Alipomwona mtunza bustani, alishusha simu.

"Huyu ndiye uliyemkaribisha harusini?"

"Si nilikuwa natania, shemeji? Koti la mteja, mwenyewe yuko safarini, mabega yetu sawa. Nilidhani kaja kuchukua suruali."

"Utani wako utaniua." Lakini macho yake yalikuwa kwa yule mwingine. "Na wewe, mimi hukuniuliza."

"Niliogopa ungesema ndiyo."

"Kesho watu wanakuja kunichumbia. Mama amenileta nipunge hewa, tukirudi nimpe jibu. Miezi yote hii nilijua umenichoka."

Honi ya kivuko ililia. Mama yake alikuja kwenye njia ya mawaridi, viatu mkononi. "Tutaachwa. Mnafanya nini?"

"Shikamoo, mama," mtunza bustani alisema, akivua glavu.

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Ni mimi niliyezima simu."

Mama alimtazama toka kichwani hadi kwenye buti zenye matope. "Alaa. Amekonda hadi gauni hilo akalipunguza mara mbili, kwa ajili yako."

"Nisamehe, mama. Pete bado ninayo. Naomba nije kwenu kesho na mjomba wangu."

"Kesho tuna wageni."

"Mama," fundi alisema taratibu, "wapigie wasije."

Mama alitoa simu, akaishika tu. Honi ikalia tena. Akamgeukia mkwewe, akamtwika viatu. "Wewe mwenye utani, beba hivi." Akabonyeza namba, akaanza kutembea. "Haloo, dada? Kuhusu wale wageni wa kesho..."

Fundi aliinama, akaukaza uzi kwenye kigingi.

"Usikate tena leo, utazidisha kombo. Utamalizia kesho ukitoka kwetu."

"Nitakuja mapema."

"Na simu iwashe, usiizime tena."

Aliwafuata wenzake, naye akaiwasha. Simu ikalia mfukoni mwa mtunza bustani kabla gauni la limau halijapita lango. Aliipokea, makasi yakiwa bado wazi juu ya ua uliokatwa nusu.