Sauti Naitaka, Mwenyewe Hapana

Foleni ya duka la dawa ilikuwa imefika mlangoni. Mfamasia alikuwa ameinama, anatafuta dawa ya kikohozi rafu ya chini, aliposikia sauti ikisema juu ya kichwa chake, "Vidonge vya koo, mrembo." Sauti ile angeitambua hata usingizini. Albamu yake ndiyo iliyomshika mkono mwaka aliomzika mama yake, na wimbo wa tatu, ule wa mtoto anayeitwa na mama akaacha kila kitu aende, hajawahi kuumaliza bila machozi.

Akainuka. Loo, afadhali angebaki ameinama. Suti nyeupe inayobana tumbo, miwani ya jua ndani ya nyumba, manukato ya kufukuza mbu. Nyuma yake bibi wa watu mwenye mkongojo, kasukumwa pembeni.

"Kuna foleni, kaka."

"Mfalme hapangi foleni." Mfalme ndilo jina alilojipachika mwenyewe, na alilitumia hata akiomba maji.

"Basi leo Mfalme atasubiri kama raia."

Akasubiri, amenuna, na akaondoka na namba ya simu ya mfamasia. Dada mtu alipopata habari alishika kiuno.

"Unampenda huyo bwege?"

"Naipenda albamu."

"Albamu haitakuoa, mwenzangu."

"Anayeimba vile hawezi kuwa mtupu, dada. Kuna mtu mle ndani. Nitamngoja atoke."

Hilo ndilo lililomponza. Mtu mwenyewe hakutoka. Aliyetoka kila wiki ni yule wa kuchelewa, wa kuwaita wahudumu kwa mluzi, wa kujitazama kwenye kijiko. Siku moja alimwacha mfamasia mezani peke yake mpaka hoteli ikafungwa. Kesho yake akapiga simu.

"Umeninunia, daktari wangu?"

"Mimi mfamasia. Nimekwambia mara ngapi? Na usinipigie tena."

"Mashabiki, mpenzi, wananimaliza. Hebu ngoja." Akaimba ubeti mmoja wa wimbo wa tatu, taratibu, mdomo karibu na simu.

Mfamasia akakaa kitandani, hasira zote zikamwishia. Akajidharau sana, na akamsamehe.

Wakakutana hotelini palepale. Yeye amevaa gauni la kijani la dada yake; Mfalme suti ya dhahabu, inameremeta kama karatasi ya pipi. Akasukuma kiboksi cha pete mezani.

"Una bahati wewe. Nafasi hii wanaililia wengi."

Kabla mfamasia hajajibu, simu ya Mfalme ikaita. Kioo kikaandika: Mama. Mfalme akaigeuza kifudifudi.

"Pokea."

"Ni mama tu, hana jipya. Atapiga tena, ndiyo kazi yake."

"Si wewe uliyeimba kwamba mama akiita..."

"Ule wimbo?" Akacheka. "Ule umeninunulia gari, mpenzi."

Mfamasia akautazama mdomo ule. Ndio uleule. Mle ndani hamkuwa na mtu wa kungojwa, na yeye alikuwa karibu kuolewa na nyumba tupu. Simu ikaita tena. Akaichukua.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Yupo? Asijisumbue, nilitaka nisikie sauti yake tu."

"Hata mimi, mama, sauti yake naipenda. Mwenyewe ndiye kanishinda."

Kikaja kicheko kikavu cha mtu mzima. "Mimi nimemzaa, sina pa kumrudisha. Wewe ondoka."

Akamwekea Mfalme simu mbele yake, haijakatwa, juu ya kiboksi cha pete. "Mama yako anakuita," alisema, akabeba mkoba.

Kituoni, watu wakisubiri mabasi, alichomeka vipokea sauti masikioni na kufungua wimbo wa tatu. Haukufika hata kiitikio, machozi hayo.

"Mshenzi mkubwa," alisema. Akajifuta kwa mkono wa gauni la dada yake, akaurudisha wimbo mwanzo.